Umeokoka, kesho asubuhi je?

Wapendwa Bwana asifiwe. Maswali yamekuja mengi, leo najibu manne.

*Nimeongozwa sala ya toba mara tatu, kila mkutano wa injili ukija naona kama ile ya mwanzo haikushika. Niende tena mbele?*

Hapana mdogo wangu. Soma Luka 9:23, Yesu anasema mtu ajitwike msalaba wake kila siku, na hilo neno "kila siku" ndo tunaloliruka. Ukianguka tubu hapohapo ulipo, jikoni, kwenye daladala, halafu inuka uendelee, usisubiri spika na kwaya. Mithali imesema mwenye haki huanguka mara saba akainuka, haijasema anarudishwa darasa la kwanza.

*Kabla sijaokoka nilikuwa mweka hazina wa kikoba, nikala laki nne. Mungu si ameshanisamehe, kuna haja ya kusema?*

Kuna haja kaka, tena kubwa. Wazee wa Uamsho, ule mwamko wa kiroho uliowaka Gahini kule Rwanda miaka ya 1930 ukaenea Uganda, Kagera mpaka Kenya, walikuwa na neno lao, kutembea nuruni, yaani hufichi kitu, ukiokoka unarudi kwa uliyemwibia unamwambia ni mimi na unarudisha. Bibi yangu alikuwa wa haohao, alirudisha jembe la jirani lililokaa kwetu misimu miwili na jirani mwenyewe alishalisahau, akalia yule jirani. Kwahiyo fanya hivi, ongea na mchungaji akusindikize kwa mwenyekiti, sema kiasi chote usipunguze, na kama huna hela kwa mkupuo omba ulipe elfu hamsini kila mwezi, miezi nane umemaliza. Wapo watakaokusema vibaya na wana haki, ni hela yao ya ada na ya vitenge vya biashara. Zakayo alisema mbele za watu kwamba atarudisha mara nne, wewe unaombwa mara moja tu.

*Naogopa, siku nikitishiwa maisha kwa ajili ya imani sijui kama nitasimama.*

Dada, Janani Luwum aliokoka Januari 1948, akauawa 16 Februari 1977 akiwa askofu mkuu Uganda, baada ya yeye na maaskofu wenzake kumwandikia Idi Amin kupinga mauaji. Hesabu hapo katikati, ni miaka 29! Alihubiri, alizika watu, alisuluhisha ugomvi, alilea watoto, siku nyingi za kawaida kabisa. Mimi naamini aliyesimama 1977 alitengenezwa humo. Wewe mtihani wako wiki hii huenda ni risiti ya uongo ofisini, kataa hiyo kwanza, ya kufa mwachie Mungu.

*Mwanangu, nina miaka 71, nimeokoka tangu usichana. Siku hizi nikiomba nasikia ukavu, na macho hayasomi tena Biblia. Nimemkosea wapi Mungu?*

Shikamoo mama. Ukavu sio lazima uwe dhambi, hata Daudi alilia mbona Mungu yuko mbali, na bado alikuwa anamlilia Yeye. Zile zaburi ulizoshika kichwani zitamke kwa sauti hata kama moyo haujapata moto, na jioni mwite mjukuu akusomee sura moja, akikosea maneno mwache tu amalize.