Maswali na majibu: Vinu vya upepo vya Uholanzi, mbona vingi hivyo?

SWALI: Fundi habari, naona picha za vile vinu vya Uholanzi vya kutoa maji mashambani, vimejipanga mstari. Si wangejenga kimoja kikubwa tu? Na maji yanapandaje bila pampu?

JIBU: Salama ndugu yangu. Pampu ipo, ila sio hii tuliyoizoea. Upepo unasukuma mapanga, shafti ya juu inazungusha gia za mbao, halafu nguzo ndefu inashusha ule mzunguko mpaka chini kwenye gurudumu kubwa lenye vibao, na vile vibao vinasukuma maji kwenye mfereji mwembamba wa tofali mpaka yavuke kizingiti. Pale kizingitini kuna kimlango, maji yakija kwa nguvu kinafunguka, upepo ukikata, maji ya upande wa juu yanakibana kinajifunga chenyewe. Hiyo ndio valvu yao ya kuzuia maji yasirudi, na kwa kweli mimi hicho kimlango nakipenda kuliko hata mapanga.

Sasa kwanini vingi, shida ni hedi, yaani kimo cha kuinulia maji. Gurudumu la kipenyo cha mita 6 linainua maji kama mita moja na nusu tu, ukilazimisha zaidi linazunguka lakini maji yanarudi nyuma. Na mapanga nayo yalikuwa tayari karibu mita 28 ncha kwa ncha, kwa boriti za mbao huwezi kwenda mbali zaidi ya hapo. Ndio maana ziwa la Schermer, lililokaushwa 1635, lilitumia vinu 52. Maji yalitakiwa kupanda kama mita 4, kwahiyo kinu cha kwanza kinamwaga kwenye mfereji wa kati, kinachofuata kinayachukua hapo kinayapandisha tena, hivyo hivyo kama ngazi.

Ila picha yako nadhani ni ya kijiji cha Kinderdijk, vinu 8 vya tofali vya 1738 huku, 8 vya kuezekwa kwa matete vya 1740 kule, na hapo usichanganye, vile sio ngazi. Kila upande vinu vyote 8 vilivuta mfereji mmoja wa chini vikamwaga mmoja wa juu, yaani waliongeza wingi wa maji sio kimo, halafu mto Lek ukishuka walifungua mageti yakatoka. Pampu za stimu zilifika hapo 1868, lakini Vita vya Pili mafuta yalipoadimika vinu vikarudishwa kazini.