Maswali na majibu: Kambale wa chini naye ana njaa

Barua za mwezi huu karibu zote ni za kambale wa mapambo, wale wanaofugwa tangini na kula sakafuni: corydoras, pleko, na ngogo wa Ziwa Tanganyika. Nimechagua zile zinazouliza habari za kulisha, maana hapo ndipo samaki hawa wanapopotea wengi.

Nilinunua corydoras wanne niwaweke na goldfish wangu. Dukani niliambiwa nisiwape chakula, watakula mabaki na kinyesi. Wiki ya tatu sasa, wawili wamekufa. Nimekosea wapi? (Msomaji, Tanga)

Pole sana. Hujakosea wewe, umeambiwa vibaya. Hakuna kambale wa mapambo anayeishi kwa kinyesi. Ukimwona anachokoa kwenye uchafu, anatafuta punje ya chakula iliyopotea humo. Na kwenye tangi la goldfish punje hiyo haipo, kwa sababu goldfish hula tangu juu mpaka chini na hashibi.

Mimi mwenyewe niliuziwa maneno hayohayo zamani, nikawapoteza wanne mmoja baada ya mwingine huku maji yakiwa safi kabisa. Corydoras ana vibamba vya mfupa ubavuni, kwa hiyo akikonda humwoni akikonda. Mahali pa kutazama ni tumboni. Subiri atue karibu na kioo, chuchumaa umwangalie kwa ubavu. Tumbo la aliyeshiba limenyooka au limetuna kidogo. Likiwa limebonyea kuelekea ndani, huyo ana njaa ya siku nyingi.

Wawili waliobaki wape kila jioni robo ya kidonge cha chakula kinachozama, kile cha ukubwa wa kifungo cha shati, na mara mbili kwa wiki minyoo myekundu ya kugandishwa. Baadaye waongeze wafike sita, maana ni samaki wa kundi, na wakiwa wachache hujificha hata chakula kikiwepo. Lakini watafutie tangi lao. Goldfish anapenda maji ya baridi kuliko wao, na akikua anaweza kujaribu kummeza corydoras mdogo. Miiba ya mapezi ikimkwama kooni, utawapoteza wote wawili.

Kidonge kinazama, sawa, lakini samaki wa juu wanakifuata mpaka chini na kukimaliza. Kambale wangu wanafika wakati hakuna kitu. (Msomaji, Nairobi)

Badilisha saa. Zima taa ya tangi, subiri nusu saa, ndipo utie chakula cha kambale. Samaki wengi wa juu hutegemea macho. Kambale ana sharubu, naye gizani yuko kazini.

Kama bado wanakuibia, chukua bomba la plastiki la nusu inchi, likate lifike sakafuni na juu lichomoze kidogo nje ya maji. Lisimamishe kwenye kona, nyuma ya jiwe au gogo. Wape wa juu chakula chao upande wa pili, na wakiwa wameshughulika dondosha kidonge ndani ya bomba. Kitatua pale unapotaka bila kupita mbele ya mdomo wa mtu.

Ukiwa na mchanga laini badala ya kokoto, kaa uwatazame na tochi hafifu. Sharubu zinapapasa kwanza, haraka haraka, kisha pua inazama, na mara kichwa kimeingia mpaka machoni. Halafu mchanga unatoka mashavuni kama unga unaopita kwenye chekeche, chakula kimebaki mdomoni. Kwenye kokoto zenye ncha hawezi kula hivyo, na makombo yanayozama katikati ya mawe yanaoza. Uchafu huo ndio unaozila sharubu zake zikawa fupi, na kambale bila sharubu ni kama mtu anayetafuta sahani yake gizani akiwa na glavu. Kwa hiyo ukipata nafasi ya kubadilisha kokoto, badilisha.

Vidonge ni ghali mno. Naweza kuwapa mkate, ugali, au chakula cha sato wa bwawani? (Msomaji, Morogoro)

Mkate na ugali, hapana. Vinavimba, vinayeyuka na kuchafua maji kabla hata havijaliwa.

Chakula cha bwawani kinafaa, ila aina nyingi zimetengenezwa zielee. Chukua punje ndogo kabisa, loweka kwenye kikombe dakika kumi, zibinye kwa vidole hewa itoke, utaona zinazama. Anza na chache sana. Nyungunyungu nao ni chakula bora usichonunua: wachimbe mahali pasipopigwa dawa, waoshe, waache usiku mmoja kwenye kitambaa chenye unyevu watoe udongo tumboni, kisha wakate vipande kwa wembe.

Chakula chochote kikavu kiweke kwenye kopo linalofunga vizuri, mbali na joto. Kikianza kunuka mafuta ya zamani, tupa.

Shikamoo mzee. Mimi ni mwanafunzi hapa Kigoma. Nimepewa ngogo wawili wadogo wa ziwani, wana madoa meusi mwili mzima na mapezi meusi yenye kingo nyeupe. Nawapa dagaa wabichi kila siku. Ni sawa? (Msomaji, Kigoma)

Marahaba mwanangu. Kwa maelezo yako huyo huenda ni Synodontis multipunctatus, na una bahati ya kuishi kando ya ziwa lake. Samaki huyu ana maisha ya ajabu kama ya ndege kekeo, anayetaga kwenye viota vya ndege wengine. Wapo samaki wa Tanganyika ambao mama huokota mayai yake na kuyaatamia mdomoni. Ngogo huyu huwavizia wakitaga, akapenyeza mayai yake, na yule mama akayaokota yote pamoja. Vitoto vya ngogo huanguliwa mapema, na mlo wao wa kwanza ni watoto wa mwenye nyumba, humohumo mdomoni mwake. Mlaji wa namna hiyo usimtarajie akae kama mapambo tu, na usimweke na samaki wadogo sana.

Dagaa ni wazuri, ila kila siku si sawa. Ziwani hula konokono wadogo, wadudu wa majini na vitu vya aina hiyo, si nyama ya samaki peke yake, na mafuta ya dagaa huacha utando juu ya maji. Wape mara mbili kwa wiki: toa kichwa na utumbo, osha, kata kipande kisichozidi jicho la ngogo mwenyewe. Wakavu waloweke kwanza, na wenye chumvi usiwape kabisa. Siku nyingine wape vidonge vya kuzama au nyungunyungu. Konokono wadogo wakizaliana tangini mwako, waache, watapunguzwa.

Usihangaike kulainisha maji. Tanganyika pH yake, yaani kipimo cha uchachu wa maji, inakaribia 9, na ngogo huyo amezoea hivyo. Ila jiandae kwa tangi kubwa, kwani anaweza kupita sentimita 20.

Pleko wangu amemaliza mwani wote kwenye vioo. Sasa nimpe nini? (Msomaji, Mombasa)

Tango. Likate kipande kinene, lichome kwa uma wa chuma kisichoshika kutu, uzamishe pamoja na uma wake usiku. Asubuhi toa kilichobaki, usikiache kioze. Siku nyingine mchicha uliochovywa kwenye maji yanayochemka kwa dakika moja, au njegere iliyomenywa. Ongeza kidonge cha majani mara kadhaa kwa wiki, na gogo la kukwangua. Huyu naye mtazame tumbo, hasa akiwa amejibandika kiooni. Na kama ni pleko wa kawaida, yule wa madoadoa ya kahawia, huyo hufikia sentimita 40, kwa hiyo mwani wa kioo kimoja haukuweza kumtosha hata kidogo.

Corydoras wangu wanapanda juu mbio, wanavuta hewa, wanashuka. Zamani ilikuwa mara mojamoja, sasa ni kila dakika. Nimekuwa nikiwaongezea chakula nikidhani ni njaa. (Msomaji, Muscat)

Acha kulisha leo. Kupanda mara mojamoja ni kawaida yao, kwani huvuta hewa na kuitumia kwa kupitia utumbo. Kila dakika ni kilio. Maji ya joto hubeba oksijeni kidogo, na chakula kinachooza sakafuni hula hiyo kidogo iliyobaki na kuongeza amonia, sumu inayotokana na uchafu.

Nyonya uchafu wa chini kwa mpira wa maji, ukitoa thuluthi ya maji. Rudisha maji yenye joto lilelile, yaliyotiwa dawa ya kuondoa klorini. Washa pampu ya hewa usiku na mchana. Ukiwa na kipimo cha amonia, pima leo na kesho. Sponji ya filta ikamulie kwenye ndoo ya maji uliyoyatoa tangini, usiioshe bombani, kwani klorini itaua bakteria wanaokusaidia. Siku mbili bila chakula hazitawadhuru. Baada ya hapo rudi kwenye kiasi kinachoisha ndani ya saa mbili au tatu, na msimu wa joto wape saa ambayo nyumba imepoa.

Nasafiri siku kumi. Dada wa nyumbani atawalisha, lakini hajawahi. Nimwelekeze vipi? (Msomaji, Dar es Salaam)

Usimwelekeze kwa mdomo tu. Funga vipakiti vidogo vya karatasi, kimoja kwa kila siku ya pili, andika siku juu yake, na ndani weka kiasi cha usiku mmoja tu. Kopo lenyewe lifungie kabatini. Watu wema ndio huzidisha, wakiona samaki wanakuja kiooni huona huruma. Mwambie pia asishtuke wakibaki bila chakula usiku mmoja, kambale wazima wenye afya huweza kukaa hata wiki. Kabla ya kuondoka, fanyeni pamoja mara moja: zimeni taa, mdondoshe kidonge, mkae mtazame wakitoka.