Kampuni moja, meza moja, ila mimi na mwenzangu tulitoka na hadithi mbili tofauti

Wadogo zangu mnaoanza kazi, kila siku naona mnauliza kama kampuni changa inafaa au ni kujitafutia presha tu, na majibu mnayopata hayafanani kabisa, huyu anasema ilimjenga yule anasema ilimmaliza. Wote wanasema kweli. Mimi nilikaa meza moja na mwenzangu, kampuni ileile, bosi mkuu yuleyule, yeye mpaka leo ukiitaja anatabasamu, mimi ilinichukua muda mrefu hata kulala vizuri.

Yeye aliingia wakiwa watu 6. Kaajiriwa kuandika programu lakini mwezi wa kwanza tu akawa anapokea na simu za wateja, asubuhi mteja analalamika akibonyeza kulipa ukurasa unaganda, mchana anatafuta kosa analirekebisha, jioni anampigia mwenyewe anamwambia jaribu tena, na anasubiri kwenye simu mpaka asikie imekubali. Ukifanya hivo miezi kadhaa unaijua biashara nzima inavyotembea, wakati kwenye kampuni kubwa mtu anaweza kukaa miaka mitano hajaongea na mteja hata mmoja.

Mimi niliingia tumeshafika 40, hela za wawekezaji zimeingia na wenye hela wanataka kuona ukuaji. Ndani ya mwaka nilibadilishiwa bosi mara tatu, kila mmoja na lake. Kazi niliyoifanya miezi minne ilitupwa kwenye kikao cha dakika 20. Ujumbe unaingia saa tano usiku, usipojibu asubuhi unaulizwa "kwani uko na sisi kweli?" Hilo swali liliniuma sana maana nilikua nimejitoa kweli kweli.

Kwahiyo ukiitwa kwenye usaili, ulizia wako wangapi sasa hivi na mwaka jana walikua wangapi, nani atakua bosi wako, na aliyekua kwenye hiyo nafasi yuko wapi. Omba uongee na mtu wa chini pia, asiwe bosi peke yake.

Halafu hela. Hapa ndo wengi tunaona aibu na ndo pa kukazia. Uliza hivi: hela iliyopo itatufikisha miezi mingapi? Hesabu yake nyepesi, chukua hela iliyopo benki gawanya kwa pengo la kila mwezi, yaani kinachotoka ukitoa kinachoingia. Kama kuna dola 1,200,000 na pengo ni 100,000 basi mna miezi 12, na ujue kutafuta wawekezaji wapya kunaweza kula miezi sita hivi hivi. Mimi sikuuliza. Dalili zilikuwepo, programu za kulipia zinakatwa moja moja, nafasi za ajira zinafungwa kimya kimya, bosi mkuu haonekani ofisini, mpaka Ijumaa moja mwisho wa mwezi mtu wa fedha akapita meza kwa meza, hakuandika popote, anainama anasema taratibu mshahara utachelewa kidogo. Hiyo kidogo ilikua wiki 7.

Kuhusu hisa, maana kampuni changa nyingi zinakupa na kipande cha umiliki juu ya mshahara, usidanganyike na idadi. Hisa 10,000 kati ya milioni 1 ni asilimia 1, kati ya milioni 100 ni asilimia 0.01, kwahiyo asiyetaka kukutajia jumla hajakwambia kitu. Kwa mpango wa kawaida unazipata kidogo kidogo ndani ya miaka 4 na ukiondoka kabla ya mwaka wa kwanza kuisha hupati hata moja. Na kama ulichopewa sio hisa zenyewe ila ni haki ya kuzinunua kwa bei iliyopangwa, mara nyingi ukiacha kazi una siku 90 tu za kutoa hela yako ununue, zikipita imekula kwako. Kampuni ikiuzwa, wawekezaji wengi wana haki ya kulipwa kwanza. Kampuni ya Good Technology ya Marekani iliwahi kuthaminiwa zaidi ya dola bilioni 1, mwaka 2015 ikauzwa kwa BlackBerry dola milioni 425, hisa za kawaida walizokua nazo wafanyakazi zikaangukia senti 44 kila moja, na kuna waliokua wameshazilipia kodi kwa bei ya juu. Hisa za mwenzangu nazo hazikuzaa kitu, ila yeye alipokubali ile kazi alipiga hesabu ya mshahara peke yake kwahiyo hakuumia.

Nilipo sasa hivi ni kampuni changa tena, tuko 11. Kwenye usaili niliuliza swali la miezi, bosi akageuza laptopu yake akanionyesha hesabu, imebaki 14. Jumatatu iliyopita katuambia wote imebaki 9, mteja gani tunamfuata na tusipompata nini kinakatwa kwanza, tukaingia kazini.