Kuivalisha kamba ya winchi: mpira wa pampu, pamba na tupa

Ukitoa waya kwenye winchi ya gari na kuweka kamba ya nyuzi za sintetiki, umepata kamba nyepesi, inayoelea majini na isiyochoma viganja. Ila kamba hiyo ina maadui watatu: kingo kali, mchanga na joto. Njia ya Uvinza au Sikonge inakukutanisha na wote watatu kwa siku moja: changarawe nyekundu juu, tope la mbuga bondeni, na jua la kiangazi kutwa nzima.

Anza na rola, zile za mbele ya winchi ambazo kamba hupita katikati yake, kabla hata ya kufikiria kuivalisha kamba kitu chochote. Rola zilizokwisha kupitisha waya huwa na vinundu vya chuma ambavyo macho hayavioni. Chukua pamba ya dukani, ipitishe taratibu juu ya rola huku ukiizungusha kwa mkono wa pili. Panapobaki vinyuzi vyeupe ndipo kamba yako itakaponyofolewa. Piga tupa laini, kisha msasa namba 120, halafu 240, umalizie na 400, mpaka pamba ipite bila kuacha kitu. Rola yenye mfereji unaoshika kucha usihangaike nayo, ibadilishe. Angalia pia pembe ambapo rola ya wima inakutana na ya ulalo: pengo linaloweza kumeza kamba litaibana siku utakayovuta kwa upande. Mdomo wa alumini uliolainishwa, yaani kipande kimoja chenye tundu kinachowekwa badala ya rola, hauna pengo hilo, ndiyo maana ni bora kwa kamba ya nyuzi. Ukishauweka, usipitishe waya humo tena.

Sasa ala, yaani vazi la kamba. Kifaa kizuri cha bei ndogo ni mpira bapa wa pampu ya umwagiliaji, ule unaolala ukiwa hauna maji, wa inchi 2. Vipande vilivyotoboka havimfai tena mkulima, lakini kwako vinatosha kabisa. Mpira chakavu wa zimamoto ni bora zaidi kwa sababu umefumwa kwa nyuzi nene. Kata mita moja na nusu, uoshe ndani mpaka maji yatoke meupe, maana mchanga ulionaswa humo utaisaga kamba badala ya kuilinda. Toa ndoano, pitisha kamba, rudisha ndoano. Jicho la kamba likikataa kupita, pasua mpira kwa urefu, toboa matundu kwa msumari wa moto kila sentimita 5, sentimita 2 kutoka ukingoni, kisha ufunge kama kiatu. Mshono ukae juu, usigusane na jiwe.

Ala lazima iwe pana kuliko kamba. Kazi yake ni kutulia juu ya jiwe huku kamba ikiteleza ndani yake. Ikibana, itaburuzwa na kamba, na jiwe litabaki na kamba tupu. Kwa hiyo toboa tundu kwenye ncha iliyo upande wa ndoano, funga kikamba chembamba, ukikaze kwenye mti au kigingi upande huohuo. Hapo ala haitasafiri kuelekea winchi. Bila kikamba hicho, ikifika kwenye rola itajikunja, kamba itarundikana upande mmoja wa ngoma (pipa la winchi linalokunja kamba), na kuinasua ni kazi.

Tyubu ya tairi watu wengi huikimbilia, nasi hatushauri kuivalisha kamba. Mpira wake unashika badala ya kuteleza, na msuguano huo unazaa joto. Kamba hizi huyeyuka karibu nyuzijoto 150 za Selsiasi na huanza kupungua nguvu mapema zaidi. Tyubu itandike juu ya jiwe, chini ya ala. Hapo inafaa sana. Ukiwa huna ala kabisa, kunja gunia la katani mara nne, lilowanishe, liweke kwenye ukingo. Litakuvusha siku hiyo tu.

Kwenye mti usizungushe kamba yenyewe. Gome la miti ya miombo ni kama tupa, na kamba itauchuna mti nao. Tumia mkanda mpana, ila soma lebo: winchi ya ratili 9,500 huvuta zaidi ya tani 4, na mikanda mingi ya kufungia mzigo haikutengenezwa kwa nguvu hiyo.

Mchanga unaua kimyakimya, kutokea ndani. Baada ya kuvuta kwenye tope, toa kamba yote, iloweke kwenye maji yenye sabuni kidogo, ifungue nyuzi kwa kuisukuma pande mbili zikutane, suuza mara tatu, ianike kivulini. Usipake grisi wala oili chafu kama ulivyozoea kwa waya. Mafuta hushika vumbi, na kamba inageuka msasa.

Wakati wa kuikunja, acha mizunguko 10 ya mwanzo kwenye ngoma, kisha vuta gari lenyewe taratibu kwenye mwinuko mdogo ili kamba ikazike. Ikilegea, siku ya mzigo itazama katikati ya mizunguko ya chini na kujikwangua yenyewe. Kuitoa, fungua klachi ya winchi uivute kwa mkono. Winchi nyingi za umeme zina breki ndani ya ngoma, na kutoa kamba kwa mota huchemsha mizunguko ya chini. Gari likiegeshwa, funika winchi kwa kipande cha turubai.

Manyoya mepesi juu ya kamba ni kawaida. Sehemu ngumu inayong'aa imeyeyuka. Uzi mmoja kati ya 12 ukikatika, nguvu imeondoka. Kata hapo, usipige fundo, kwa kuwa kamba hii huteleza na fundo huipunguzia nguvu nyingi. Suka jicho jipya: kwa kamba ya milimita 10, ingiza mkia wa sentimita 72 ndani ya kamba, umeupunguza unene kuelekea nchani, kisha ushone shingo kwa uzi imara.