Nabii ameniagiza mawe 12 na laki nne na nusu: ndivyo alivyofanya Eliya?

SWALI: Mchungaji, Bwana Yesu asifiwe. Nina duka la pembejeo mkoani Njombe. Misimu miwili sasa mvua imenichezea: wakulima walichukua mbolea na mbegu kwa mkopo na hawajarudi. Rafiki yangu alinipeleka kwa nabii mmoja. Anasema ukame wa duka langu unatoka kwenye madhabahu ya ukoo, na kwamba mlango wake ni kigoda cha babu nilichorithi. Ameagiza nikichome, kisha nijenge "madhabahu ya Eliya": mawe 12, ndoo 12 za maji na sadaka ya shilingi 450,000, yaani elfu moja kwa kila nabii wa Baali. Mke wangu anasema huo ni uganga. Lakini Eliya si alijenga madhabahu kweli? Na kigoda, je, ni sanamu?

JIBU: Bwana asifiwe sana, ndugu yangu. Mke wako ameona vizuri. Ningeweza kuishia hapo, ila hiyo hesabu ya elfu moja kwa kila nabii imenikaa kooni tangu niisome. Nafundisha Agano la Kale, na hakuna sura ninayoletewa ikiwa imekatwakatwa kama 1 Wafalme 18, ile ambayo nabii Eliya, wakati wa ukame, anashindana na manabii 450 wa Baali mlimani Karmeli: mungu atakayejibu kwa moto juu ya sadaka, huyo ndiye Mungu. Kuna wakati ilikuwa mafuta, kuna wakati chumvi. Safari hii ni orodha ya vifaa vya ujenzi.

Kigoda tukimalize upesi. Kama babu alikuwa akikikalia jioni akiota moto, ni kiti, nawe kikalie. Kama ni cha tambiko, na mpaka leo yuko mtu wa ukoo anayekimwagia pombe na kukiomba kitu, hilo unalijua wewe kuliko mimi, na cha kuacha ni huko kuomba. Ukikichoma na maombi yakabaki, umepoteza kiti tu.

Linaloniudhi ni wazo lililofichwa chini ya ushauri huo mzima: kwamba Baali ni mambo ya mababu, ya vibuyu na hirizi, na mtu aliyeokoka akishavichoma basi amemalizana naye. Baali wa kitabu cha Wafalme hakutoka porini. Aliingia kwa mlango wa ikulu. Ahabu mwana wa Omri, aliyetawala Israeli ya kaskazini katika karne ya 9 KK, alimwoa Yezebeli binti Ethbaali, mfalme wa Wasidoni, akajenga hekalu la Baali katikati ya Samaria, mji mkuu. Wala hakuwa mfalme wa kubangaiza. Maandishi ya Shalmaneser wa Tatu, mfalme wa Ashuru, yanamtaja katika vita vya Karkari mwaka 853 KK akiwa na magari ya vita 2,000.

Sasa tazama majina ya wanawe waliomrithi. Wa kwanza Ahazia, "Yahwe ameshika". Wa pili Yehoramu, "Yahwe ametukuka". Mtu aliyemjengea Baali hekalu aliwapa watoto wake majina ya Mungu wa Israeli! Msimamizi wa nyumba yake, Obadia, alikuwa mcha Mungu aliyewaficha manabii mia katika mapango. Ahabu hakujiona ameasi dini. Nadhani angeshangaa kuitwa mpagani.

Neno "baali" lenyewe maana yake ni bwana: mwenye mali, mume, mkuu. Mswahili hahitaji kamusi kuelewa hatari yake, kwa sababu "bwana" yetu inabeba mizigo hiyo hiyo. Tuna bwana shamba, bwana wa fulani, na Bwana asifiwe. Karibu miaka mia baada ya Eliya, Hosea anatabiri siku ambayo Israeli atamwita Mungu "Ishi", mume wangu, wala hatamwita tena "Baali" (Hosea 2:16). Maana yake walikuwa wakimwita hivyo! Na mwaka 1975 na 1976, huko Kuntillet Ajrud katika jangwa la Sinai, wachimbaji walikuta mitungi ya kale yenye baraka zilizoandikwa kwa jina la "Yahwe wa Samaria na Ashera wake"; Ashera ni jina la mungu wa kike wa Wakanaani. Ndivyo ibada ya sanamu ilivyo katika maisha halisi. Mtu hamfukuzi Mungu, anamwekea msaidizi.

Msaidizi wa kazi gani? Hapa wewe muuza pembejeo utaelewa kuliko wachungaji wengi. Baali alikuwa mungu wa mvua. Mabamba ya udongo ya Ugarit, mji wa kale wa pwani ya Syria ulioanza kuchimbwa mwaka 1929, yanamwita "mpanda mawingu". Hakuna Mwisraeli aliyekana kwamba Yahwe ndiye aliyewatoa Misri. Wasiwasi wao ulikuwa mwingine: huyu wa Misri na jangwani, masuala ya msimu anayajua? Basi wakawa na Mungu wa Jumapili na mungu wa mbegu na mbolea. Eliya alipopanda Karmeli akauliza, "Mtasita-sita katikati ya mawazo mawili hata lini?", alikuwa akiwauliza watu wa ibada, tena wanaotoa sadaka. Biblia inasema hawakumjibu neno.

Sasa tuje kwenye madhabahu. Ndiyo, Eliya aliijenga. Soma mstari wa 30: aliitengeneza madhabahu ya Bwana iliyokuwa imevunjika. Ilikuwapo pale zamani. Mawe 12 yalikuwa ya makabila 12 ya wana wa Yakobo, katika nchi ambayo wakati huo ilikuwa imegawanyika falme mbili. Aliyatumia kuwakumbusha kwamba wao ni watu wamoja. Duka lako si taifa, halina makabila 12. Maji nayo, mitungi minne iliyomiminwa mara tatu, aliyamwaga ili pasiwe na mtu wa kusema kuni zilishikwa na cheche iliyofichwa. Yalikuwa ya kuzuia kiini macho. Anayekuagiza ndoo 12 ili "kuvuta" moto ameyapindua: kilichowekwa kumbana mlaghai amekifanya kitendea kazi. (Kila mwaka mwanafunzi mmoja lazima aniulize maji yalipatikana wapi wakati wa ukame. Karmeli uko kando ya bahari, wengine hujibu hivyo, na Biblia imenyamaza. Nami hunyamaza.)

Na mvua je? Rudi sura ya 18 mstari wa kwanza kabisa, kabla hata ng'ombe hajachaguliwa. Mungu anamwambia Eliya: nenda ukajionyeshe kwa Ahabu, nami nitaleta mvua. Ahadi ilikuwa imeshatolewa, bure. Sadaka ya Karmeli haikununua tone moja. Ombi lake juu ya madhabahu ni mistari miwili tu, wa 36 na wa 37, na humo halitaji moto wala mvua. Anaomba watu wajue Mungu ni nani na mioyo yao irudi. Yule ng'ombe aliteketea pamoja na kuni, mawe na mavumbi. Hakuna aliyerudi nyumbani na nyama, Eliya mwenyewe akiwemo. Hizo laki nne na nusu zako, ziteketee na nani?

Pale mlimani walikuwapo wenye utaratibu, tena mrefu. Walianza asubuhi wakiita jina moja mpaka adhuhuri, wakaruka-ruka kuizunguka madhabahu, wakazidisha sauti, wakajikata kwa visu mpaka damu ikawachuruzika, "kama ilivyo desturi yao". Idadi yao 450. Nikiangalia mikesha mingine ya siku hizi, kelele na miruko na namba maalumu na kitu cha lazima cha kutoa ili mbingu ziamke, naona utaratibu wa hao 450, halafu bango la nje limeandikwa Eliya.

Atakapoona unasita, atakuletea mjane wa Sarepta: alimpa nabii mkate wa mwisho akabarikiwa, nawe "panda mbegu" ya mwisho. Simulizi hilo limeibiwa sana, nami naomba ulisome lote. Sarepta ni Sidoni, nyumbani kwa Baali mwenyewe, na ukame ulikuwa umefika huko pia. Bwana wa mvua ameshindwa kuwanyeshea wa kwao. Nabii alifika hapo kwa sababu kijito alichokuwa akinywa kilikauka, maana naye alikuwa na kiu kama wengine. Alipoomba mkate, neno la Mungu kwamba unga hautaisha lilitolewa papo hapo, kabla mama hajakanda chochote, na kisha Eliya akala unga ule ule wa pipa lile lile kwa siku nyingi. Wala pipa halikufurika. Halikuisha tu, kila siku kikapatikana cha siku hiyo. Baadaye mtoto wa mama huyo aliugua akafa, na mama akamgeukia nabii kwa uchungu, kabla mtoto hajafufuliwa. Mhubiri anayetumia sura ya 17 kukusanya fedha huishia mstari wa 16. Mtazameni, mtaona.

Na wanaoamini kuvunja na kuchoma wasome habari za Yehu, mfalme aliyeiangusha nyumba ya Ahabu, 2 Wafalme 10. Aliwamaliza watumishi wa Baali, akabomoa hekalu lao na kuligeuza kuwa choo. Sijui ni nani siku hizi anaweza kubomoa kushinda hapo. Mistari miwili mbele tunaambiwa hakuacha ndama za dhahabu zilizokuwa Betheli na Dani, zile ambazo Yeroboamu, mfalme wa kwanza wa Israeli ya kaskazini, alizitambulisha kwa kusema ndizo zilizowatoa Israeli katika nchi ya Misri. Choo kimepatikana, sanamu zipo, na zimevaa jina la Mungu.

Hata moto wenyewe haukumtosha Eliya. Yezebeli alipoapa kumwua, alikimbia mpaka Beer-sheba, akaenda mwendo wa siku moja jangwani, akaketi chini ya mretemu akaomba afe. Malaika alimpa mkate na maji na usingizi, mara mbili, bila kumkemea. Kisha akafika Horebu, mlima wa Mungu, na huko palipita upepo, tetemeko na moto, na imeandikwa wazi kwamba Bwana hakuwamo katika moto ule. Ilifuata sauti ndogo ya utulivu, ikamwambia kuna watu 7,000 ambao hawakumpigia Baali goti. Eliya hakuwa amewaona. Hawakuwa na bango.

Barua kama yako nazipata nyingi, na mbaya zaidi hazihusu maduka. Yule Ahazia mwana wa Ahabu, mwenye jina zuri, alianguka kutoka chumba chake cha juu Samaria akaumia, akatuma wajumbe Ekroni, mji wa Wafilisti, wamuulize Baal-zebubu kama atapona. Eliya aliwakuta njiani akawarudisha na swali: Je, hakuna Mungu katika Israeli, hata mnakwenda Ekroni? Siku hizi Ekroni ina foleni, na kuna bei ya kumwona nabii ana kwa ana. Mama mmoja aliniandikia kwamba ameambiwa aache dozi ya kifua kikuu kwa sababu kuendelea kumeza ni "kusita katikati ya mawazo mawili". Wametumia mstari huo huo! Eliya alikula mkate aliopewa, akanywa maji, akalala. Anayemeza dozi aimalize, na aliyemwambia aache asirudiwe tena, hata kama anajiita Eliya.