Jibu: TDR ya malaria bado ina mistari miwili baada ya dawa

Mama, umeuliza kama dawa ilishindwa, maana TDR (kipimo cha haraka cha malaria) ya mtoto ingali na mistari miwili wiki mbili baada ya matibabu, na homa imerudi. Mstari huo wa pili peke yake hauthibitishi kwamba dawa ilishindwa. TDR nyingi hutafuta HRP2, protini ya Plasmodium falciparum (kimelea cha malaria), nayo hubaki damuni wiki kadhaa hata vimelea vikiisha kufa. Omba tone nene la damu (GE) lisomwe kwa hadubini leo hii, kuona kama vimelea bado vipo. Kituo chenu hapo Goma kikikosa hadubini, mpeleke hospitali. Asipokunywa au akishikwa na degedege, mkimbize hospitali, usingoje kipimo chochote. Homa inaweza pia kuwa nimonia.

Wakirudia TDR, angalia: pakiti ifunguliwe hapohapo, unyevu huharibu kaseti (kibao cha plastiki cha kipimo). Alkoholi ikauke kidoleni. Damu ni mikrolita 5 kwa kaseti nyingi. Ikizidi, dirisha hubaki jekundu na mstari hufichika. Bufa (maji ya kipimo) ya boksi lingine isitumike kamwe. Dakika za kungoja kabla ya kusoma ni 15 au 20 kufuatana na kikaratasi cha maelekezo. Ukichelewa kupita 30, hata hasi huweza kuchora mstari. Mstari wa T (wa malaria) ukiwa hafifu ni chanya. Mstari wa C (unaoonyesha kipimo kimefanya kazi) usipotokea, kaseti mpya.