Usimpe mtu hema ambalo hujalilalia mwenyewe mvua ikinyesha

Ndugu yangu wa Mafinga, nimesoma swali lako mara mbili, na mara zote mbili nimekwama mahali pale pale: unasema una mahema mawili na mabegi matatu ya kulalia yaliyokaa juu ya dari tangu 2013, kwamba bado ni mazima kwa sababu hayajatumika, na kwamba unafikiria kuwapa vijana wa skauti wanaokwenda Kitulo mwezi wa pili kutazama maua. Uliuliza pia habari za jiko la gesi na kama kuna mtu anayenunua vitu vya namna hii, lakini hayo yasubiri. Nakuomba usiyatoe. Usimkabidhi mtoto wa mtu hema hilo kabla hujalisimamisha, ukalimwagia maji, ukalala ndani yake wewe mwenyewe hadi asubuhi.

Nasema hivi kwa sababu maneno yako ya "bado ni mazima" niliwahi kuyasema mimi. Hema langu nililinunua 2008, wakati nikiwabebea mizigo wageni waliopanda Mlima Rungwe na kwenda Ziwa Ngozi. Lilikuwa hema la watu wanne, la kijani, lenye turubai lake la juu na nguzo mbili za kukunja. Mwaka 2011 niliacha kazi ile, nikalikunja vizuri, nikalitia katika mfuko wake na kulipandisha juu ya dari ya nyumba yangu hapa Uyole, chini ya bati. Lilikaa huko miaka minane. Machi 2019 mtoto wa dada yangu akaja kuniomba, kwa kuwa yeye na wenzake watatu wa chuoni walitaka kulala usiku mmoja mlimani. Nililishusha, nikapangusa vumbi, nikampa. Sikufungua hata kamba ya mfuko.

Walianzia Isongole asubuhi, na jioni wakachagua mahali pa kulala juu ya msitu. Walipolikunjua, kitambaa kilikuwa kimejigandamiza, ikabidi wakibandue pande mbili wakivutana. Waliona kwamba kuna tatizo, lakini giza lilikuwa linaingia na njia ya kushukia ni ya matope na mizizi. Saa mbili usiku mvua ikaanza. Kufikia saa tano maji yalikuwa yanadondoka katika kila mshono, na ule utepe unaoziba mishono kwa ndani ulikuwa unaning'inia juu ya vichwa vyao. Sakafu ikawa dimbwi, mabegi ya kulalia yakalowa, na baada ya hapo hapakuwa na kitu kikavu cha kujifunika. Saa tisa usiku binti mmoja kati yao aliacha kutetemeka. Wenzake walifurahi, wakidhani amepata joto. Kumbe mwili uliopoa sana huacha kutetemeka kwa sababu umeishiwa nguvu, na hapo ndipo hatari inapokuwa kubwa. Walipomsemesha, maneno yake yalikuwa yamechanganyika, na vidole vilishindwa kufunga zipu ya koti.

Walimshusha gizani kwa mwanga wa simu, wakipokezana kumbeba. Kulipopambazuka walifika kwenye nyumba ya mama mmoja, ambaye alimvua nguo zilizolowa, akamvika zake, akamfunika mablanketi, na alipoweza kumeza akamnywesha chai ya moto yenye sukari. Mama yule simfahamu kwa jina, lakini namwombea kila ninapopita barabara ile. Binti alilazwa hospitali siku tatu, akapona. Gharama nilizilipa mimi, na fedha si kitu. Kilichonikaa rohoni ni baba yake, mzee wa makamo yangu, aliyekuja nyumbani kwangu jioni moja, akakataa soda, akaniuliza neno moja tu: "Ulilijaribu?"

Hema liliporudi nililisimamisha uani. Upande wa ndani wa turubai la juu ulikuwa unanata kama karatasi ya peremende iliyokaa mfukoni, na nilipopitisha kidole gumba, utando mweupe ulitoka kwa magamba. Lilikuwa na harufu kali ya uchachu, karibu na ile ya matapishi ya mtoto mchanga. Nje, kitambaa kilionekana kipya kabisa, na rangi ilikuwa vilevile. Ndiyo maana jicho haliwezi kukusaidia. Kitambaa chenyewe hakizuii maji. Kinachozuia ni utando mwembamba wa poliurethani uliopakwa kwa ndani, na utando huo huvunjwavunjwa taratibu na unyevu, hasa unyevu ukichanganyika na joto. Sasa fikiria juu ya dari, chini ya bati: mchana pamekuwa tanuri, usiku pamepoa, na masika yote hewa imejaa maji. Nililitunza kwa uangalifu mkubwa mahali palipoliua.

Na hapa lazima niseme habari za aliyeniuzia. Alikuwa na kibanda cha vitu vya mtumba Mwanjelwa, na aliniambia, kwa sauti ya mtu asiye na shaka, kwamba hema huzeeshwa na jua peke yake, na kwamba likikaa gizani litakuzika. Nilimwamini miaka kumi na moja. Jua kweli huharibu nailoni na poliesta, hilo sibishani nalo, lakini kumwambia mtu nusu ya ukweli katika jambo ambalo watu watalala ndani yake ni dhambi. Nilipomfuata baada ya yale yaliyotokea, alinijibu kwamba vijana wa siku hizi hawajui kufunga hema. Nilitetemeka kwa hasira, na hata leo nikikumbuka jibu lile napandwa na hasira ile ile. Wewe umeandika kwamba "fundi mmoja" alikuambia maneno kama hayo. Usimsikilize.

Vijana wako wanakwenda Kitulo mwezi wa pili. Maua ya Kitulo hutoka kati ya Desemba na Aprili kwa sababu hiyo ndiyo miezi ya mvua. Atakayekwenda kuona okidi atakutana na mvua, hakuna namna nyingine. Uwanda ule uko karibu mita 2,600 juu ya usawa wa bahari, upepo hauna cha kuuzuia, na si lazima kuwe na barafu ndipo mtu apatwe na baridi ya kuua. Nyuzijoto 8 na nguo zilizolowa, pamoja na upepo, zinatosha kabisa.

Kwa hiyo lisimamishe uani kwako. Pitisha kidole gumba ndani ya turubai la juu, na likinata au likitoa magamba, usiendelee, kwa kuwa hakuna dawa ya kupaka itakayolirudisha. Likiwa kavu na laini, vuta utepe wa mishono kwa kucha. Ukibanduka huo utepe tu, mishono inaweza kuzibwa upya kwa gundi ya mishono, kisha ujaribu tena. Baada ya hapo mwaga maji, si kikombe, bali ndoo baada ya ndoo kwa robo saa, au usubiri usiku wa mvua, na ulale humo. Mabegi ya kulalia yatoe yalikobanwa, yatikise, yaache siku nzima yakiwa wazi. Yasipofura yakarudi kuwa manene, hayatunzi tena joto, kwa maana kinachompa mtu joto ni hewa iliyonaswa ndani yake. Hayo yabaki nyumbani kwa wageni wa kulala sebuleni.

Hema likishindwa, likate kwa mkasi siku hiyo hiyo, ili asije mtu akalikuta akadhani ni hema. Chandarua cha ndani kinafaa kufunika vitalu vya miche, kamba na vigingi vina kazi nyingi shambani, lakini usianike mahindi wala maharage juu ya kitambaa kinachotoa magamba. La pili likifaulu, wape vijana kwa moyo wote, na umweleze kiongozi wao kwa mdomo wako kwamba umelilalia, lini, na mvua ilikuwa ya namna gani.

Jumamosi hii mawingu yakikusanyika, weka blanketi moja kavu ndani ya nyumba, karibu na mlango, uingie humo na tochi. Jumapili niandikie ulichokikuta sakafuni.